Chumba cha Mama Mjini Goes

Bandarini Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1954, Tannetje alimwahidi mama yake kwamba yeye na Krijn wangekaa Kanada miaka mitano tu, wakusanye cha kuanzia maisha, kisha warudi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, ameolewa wiki sita zilizopita, na alipolitamka neno hilo aliliamini. Krijn alikuwa mtoto wa nne wa kiume katika familia yenye shamba la kumtosha mmoja. Hakuna aliyemlaumu kwa kuondoka.

Miaka mitano ikapita, ikapita na mingine mitano. Huko Ontario walipata ekari kumi na mbili za udongo mweusi, wakalima karoti na vitunguu, na baada ya mimba mbili kuharibika wakajaliwa mtoto mmoja, Ina. Baba yake Tannetje alipofariki mwaka 1965, telegramu ilimfikia siku ya maziko yenyewe. Alisimama nayo ghalani, akatazama saa ya ukutani akapiga hesabu: kule sasa wametoka makaburini, wanakunywa kahawa. Kisha akarudi kufunga karoti mafungu, kwa sababu lori lilikuwa linasubiri nje. Krijn alimwambia apumzike. Akajibu kwamba akikaa bure ndipo atakapoumwa.

Basi ilipofika kiangazi cha mwaka 1973, jirani akakubali kuwaangalizia shamba kwa wiki tatu na ushee. Wakapanda ndege wote watatu: Tannetje, Krijn na Ina, ambaye alikuwa anakaribia kutimiza miaka kumi na minne na lugha ya wazazi wake aliielewa vizuri kuliko alivyoweza kuisema.

Walifika kijijini kwao Nisse siku ya Jumanne. Mama yake, Pieternella, mwenye miaka sabini na tisa, alikuwa amekalishwa kwenye kiti kando ya mlango, amevaa mavazi ya Jumapili ingawa ilikuwa siku ya kazi: sketi nyeusi ya kufika miguuni, shanga za marijani zilizombana shingoni, vibamba viwili vya dhahabu kwenye panja, na ile kofia kubwa ya lesi nyeupe, iliyotiwa wanga ikakakamaa na kutanuka pande zote za uso kama kombe la baharini. Wanawake wa rika la Tannetje walikwisha kuyaacha mavazi hayo. Dada yake mkubwa, Jacomina, aliyeishi na mama yao, alikuwa na nywele fupi na magauni ya dukani. Lakini Pieternella alivaa hivyo tangu akiwa msichana wa miaka kumi na sita, na ukimwondoa marehemu mumewe na binti zake, hakuna mtu aliyewahi kumwona kichwa wazi.

“Umenenepa,” mama yake alisema, akamshika uso kwa mikono miwili. “Vizuri. Nilidhani huko mnakula karoti tu.”

Siku kumi za mwanzo zilikwenda kama alivyoziota kwa miaka kumi na tisa. Walikula kome kwa ndoo, viazi vipya na siagi. Walizunguka kwa baiskeli kuwaamkia shangazi, binamu na wenzake wa shule waliokwisha kuwa na wajukuu. Dukani, msichana wa kaunta alitabasamu akamwambia anaongea kama bibi yake, maana maneno aliyoondoka nayo Tannetje yalikuwa yamezeeka huko mfukoni mwake bila yeye kujua. Jioni Krijn alikaa mezani na shemeji yake Lein, mume wa Jacomina, mtu mkavu aliyefanya kazi kwenye mnada wa matunda.

“Kule kwetu,” Krijn alisema, “ukitaka kumsalimia jirani lazima uwashe gari.”

“Hapa ukitaka kumkwepa ndiyo unawasha gari,” Lein akamjibu, na Pieternella akacheka mpaka mabega yakatikisika.

Ijumaa ya wiki ya pili, Tannetje akiwa chooni, macho yake yalitua kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa iliyotundikwa ukutani, kama ilivyo desturi ya huko. Alifunua ukurasa wa Agosti kuona kama Ina ameandikwa. Alikuwepo, tarehe 21, kwa mwandiko wa mama yake. Tannetje alifurahi. Halafu akaona, juu kidogo, tarehe 6, maneno mawili ya penseli kwa mwandiko wa dada yake: Mama, Goes.

Alidhani ni miadi ya daktari. Akaenda jikoni kuuliza. Jacomina alikuwa anamenya viazi, na hakuacha kumenya. Akasema ni chumba. Kwenye nyumba ya wazee mjini Goes kimepatikana chumba, baada ya jina la Mama kukaa kwenye orodha karibu miaka miwili. Jumatatu ya tarehe 6 anahamia. Alitaka kuwaambia mapema, akaona wacha kwanza wapumzike na safari, halafu kila siku ikawa si siku nzuri.

Tannetje alimuuliza kama Mama anajua. Anajua, ametia sahihi mwenyewe. Akamuuliza ni kwa nini, wakati nyumba hii ni yake, amezaa humu, amefiwa humu. Hapo Jacomina akaweka kisu chini.

“Ameanguka mara tatu tangu Pasaka,” alisema. “Mara ya tatu nilijaribu kumwinua, mgongo ukanikatika. Tukalala wote wawili hapo ulipokanyaga, tangu saa nne mpaka Lein aliporudi kutoka mnadani kula mchana. Mama akawa ananipigia hadithi nisilie. Daktari amesema nikimwinua tena, mimi ndiye nitakayekuwa nainuliwa. Sasa wewe niambie nifanyeje.”

Tannetje alichukua kisu cha pili wakamenya wote.

Lakini jambo lile halikumtoka. Alimtazama mama yake akitia sukari kwenye kahawa, akiuliza habari za ng'ombe wa fulani, akinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja, na akaona kama anatazama mtu anayeibiwa huku wote wameketi. Jumapili, baada ya kanisa, sebule ikiwa imejaa majirani na binamu, mmoja wao akamuuliza Pieternella kama amekwisha kufungasha vitu vya Goes. Kabla mama hajajibu, Tannetje akasikia sauti yake mwenyewe.

“Haendi Goes. Mama anakuja na sisi Kanada.”

Vijiko vikatulia vikombeni. Krijn alimgeukia mkewe kama aliyemwagiwa maji. Jacomina aliangalia dirishani. Pieternella peke yake ndiye aliyelichukua neno lile kama neno. Aliuliza kama huko kuna kanisa. Tannetje akasema lipo, mchungaji wao ni mtu wa Walcheren, kisiwa cha jirani, mahubiri mara mbili kila Jumapili. Aliuliza kama chumba kina dirisha. Akaambiwa linatazama bustani. Yule mama akaitikia kwa kichwa polepole, akaomba kikombe cha pili, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

Wageni walipoondoka, Jacomina hakugomba. Alikusanya vikombe, na akiwa anapita na sinia akamwambia mdogo wake, kwa upole wa kuchoma, kwamba basi kesho asubuhi amvalishe Mama yeye mwenyewe, Tannetje.

Kesho yake asubuhi Tannetje aliingia chumbani kwa mama yake saa moja na nusu. Sketi na koti vilikwenda. Kisha ikaja kofia, si ile kubwa, hii ndogo tu ya siku za kazi. Nywele zilitakiwa kuviringishwa mbele ya paji, kofia ya chini ikazwe kwa utepe, lesi ifuate, ikunjwe nyuma mara kadhaa, pini ziingie mahali pake, mbili hapa, moja pale, bila kukwaruza ngozi. Alikuwa amewahi kujua. Akiwa msichana alimvalisha mama yake mara nyingi na mikono yake ilikwenda yenyewe. Sasa mikono ile, iliyojaa sugu za karoti, ilishika lesi kama imeshika utando wa buibui. Akakunja, ikalala upande. Akafumua, akakunja tena. Wanga ukaanza kulegea kwa jasho la vidole vyake. Pini moja ikamchoma mama yake nyuma ya sikio, na mama yake akavuta pumzi tu.

Mara ya nne kofia ilipoanguka mapajani, Tannetje alikuwa analia.

“Basi,” mama yake alisema. “Hukosei, ni kukosa mazoezi tu. Muite Jacomina, kahawa itapoa.”

Jacomina akaja, mkono mmoja kiunoni. Kwa dakika kumi kazi ikawa imekwisha. Hakumtazama mdogo wake wala kumsimanga, na hilo lilimuuma Tannetje kuliko tusi.

Jumanne wakamwita daktari wa kijiji. Alisikiliza kifua cha Pieternella mbele na nyuma, akachukua muda mrefu. Kisha akawavuta mabinti wawili ukumbini. Moyo umechoka, alisema. Safari ya saa nane angani hawezi kuitilia sahihi, na bila sahihi yake watu wa uhamiaji wa Kanada hata hawatafungua faili, na wakilifungua ni miezi. Tannetje akauliza kuhusu meli. Daktari akamjibu kwamba meli za abiria za Kiholanzi za kwenda huko zimekwisha kusimamishwa, na siku nyingi baharini nazo hawezi kuzitilia sahihi. Akauliza kama chumba cha Goes kinaweza kusubiri mpaka mambo yaeleweke. Jacomina ndiye aliyejibu: kisipochukuliwa tarehe 6, kinakwenda kwa anayefuata, na jina la Mama linarudi mkiani.

Mchana ule Krijn alimchukua mkewe wakapanda baiskeli mpaka juu ya tuta la kuzuia maji ya bahari, mahali ambapo upepo ungeyabeba maneno yao. Krijn alikuwa mtu wa majigambo mbele ya watu, lakini wakiwa wawili aliongea kidogo. Alimuuliza mambo mepesi. Wakati wa mavuno, saa kumi na moja alfajiri, wanapoondoka kwenda kwenye ghala la kufungasha, Mama atabaki na nani? Akianguka, nani atasikia? Akitaka kuongea na mtu, ataongea na Ina, ambaye anamwitikia “ndiyo” kwa kila neno?

“Ingewezekana, ningesema tumchukue leo leo, Tannetje,” alisema. “Unajua ningesema.”

Alijua. Hata hasira ya kumkasirikia hakuipata. Alijaribu kutafuta mtu wa kukasirikia huko juu ya tuta, daktari, dada yake, serikali, Krijn, akakuta kila mmoja ana haki yake mkononi. Akasema labda yeye abaki, Krijn na Ina watangulie. Krijn akauliza mpaka lini. Wakakaa mpaka mikono ikapoa, wakashuka.

Kumbe Pieternella, tangu Jumatatu, alikuwa amefungua kabati lake. Nguo za ndani alikwisha kuzikunja. Biblia aliiweka juu. Picha ya marehemu mumewe aliifunga kwa taulo. Alikuwa anauliza kila anayepita kama huko baridi ya Desemba inaingia ndani ya nyumba. Kila alipouliza, Tannetje alisema kitu cha katikati akatoka chumbani. Siku mbili alizunguka hivyo.

Alhamisi walikaa uani, mama na binti, wakikata ncha za maharage machanga. Jacomina alikuwa ameyasambaza kwenye gazeti na kwenda kujinyoosha kitandani kwa ajili ya mgongo. Tannetje alijikaza. Alianza na habari za daktari, akaingia kwenye mambo ya karatasi, akarudi kwa daktari, na mama yake akaendelea kukata, ganda moja baada ya jingine, mpaka binti akaishiwa na njia za kuzunguka.

“Kwa hiyo siji,” Pieternella alisema.

“Huji, Mama. Nilisema kabla sijauliza. Nisamehe.”

Mama yake alitupa ganda kwenye beseni. Alikuwa na macho mepesi ya buluu, na yalikuwa makavu.

“Nilijua,” alisema. “Siku ile tu, ulivyolisema, nilijua. Hata Rotterdam ulisema namna ileile, haraka haraka.” Akachukua ganda jingine. “Lakini nilizifurahia siku zenyewe. Na nguo si zimeshakunjwa? Zitakwenda Goes.”

Tannetje alitamani mama yake amgombeze. Alitamani atupe beseni. Maharage yalipokwisha waliyaosha, wakayagawa kwenye mifuko, na jioni Jacomina akayatia kwenye friza pamoja na mengine ya kipupwe.

Jumatatu ya tarehe 6 Lein aliazima gari la bosi wake wa mnadani. Kila kitu cha Pieternella kiliingia humo: kiti chake, kabati dogo la droo, saa, masanduku mawili. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kwenda mbele za watu, aliomba kofia kubwa. Jacomina alimvalisha kwa saa nzima, akiwa amepiga magoti pale alipohitaji kuinama. Njiani Pieternella aliketi mbele, kichwa kimenyooka wima ili lesi isiguse paa la gari, akiwapungia mkono waliosimama milangoni. Wengine walifuata nyuma kwa basi.

Ilikuwa nyumba mpya, safi, yenye korido ndefu zinazonukia sabuni na supu. Chumba kilikuwa na dirisha linalotazama maegesho ya baiskeli. Muuguzi aliyewapokea alikuwa msichana mwema, wa miaka ishirini hivi, na alimsifia Pieternella akisema hajawahi kuona kofia nzuri kama ile kwa karibu. Jacomina alimuuliza nani atamvalisha asubuhi. Yule msichana akaona haya. Alisema wako wauguzi wawili kwa wazee thelathini asubuhi, na katika wote hakuna anayeijua kazi hiyo. Waliowahi kuja na mavazi hayo wote huishia kuzoea kuyaacha. Jacomina akasema yeye angekuja kila siku, na papo hapo akajishika mgongo, kwa sababu kutoka Nisse mpaka hapo ni nusu saa ya baiskeli kwenda na nusu saa kurudi, na kila mtu chumbani alijua kwamba hataweza.

Walisimama hivyo, watu wazima wanne, msichana wa Kanada na muuguzi.

Pieternella ndiye aliyewatoa kwenye hali ile. Alisema basi, heri leo, watu wake wakiwepo, kuliko kesho mbele ya wageni. Akainua mikono miwili akaanza kuchomoa pini mwenyewe, moja moja, akizipanga kwenye ukingo wa meza. Akavua vibamba vya dhahabu. Akavua lesi, akavua kofia ya chini. Nywele zake zilikuwa nyeupe, chache, zimebanwa hivi kwamba ngozi ya utosi ilionekana, na paji lake, ambalo jua halikuligusa kwa zaidi ya miaka sitini, lilikuwa jeupe kuliko uso uliobaki, kama la mtu mwingine.

Lein akageukia ukuta. Krijn alivua kofia yake bila kujua kwa nini. Ina, ambaye hakuelewa kitu na alielewa vyote, alitoka akasimama koridoni. Tannetje alitaka kusogea amfunike mama yake hata kwa mikono, lakini hakusogea.

“Hewa inapita,” Pieternella alisema, akijigusa utosi. Alitaka iwe mzaha.

Siku tatu zilizobaki Tannetje alikwenda Goes asubuhi na alasiri. Mara ya kwanza alimpita mama yake kwenye ukumbi wa kahawa bila kumtambua, mpaka aliposikia sauti. Waliongea habari za watu wa zamani, nani alimwoa nani. Siku ya kuagana Pieternella alimpa mkono kama wanavyopeana wakubwa, akamwambia amsalimie mchungaji wa Walcheren. Jacomina alimsindikiza mdogo wake mpaka stesheni ya treni, wakasimama bega kwa bega. Tannetje alimwomba radhi kwa ile Jumapili. Jacomina akasema ile Jumapili na yeye pia, kwa dakika moja, aliamini. Akasema mgongo wake uliamini. Treni ikaja.

Pieternella aliishi mwaka mmoja na miezi mitano zaidi. Alifariki Januari, usingizini, na safari hii Tannetje aliwahi mazishi. Lakini alipoulizwa na watu msibani lini aliongea naye mara ya mwisho, alikuwa akitaja mwezi wa Agosti na ile siku ya mkono, kwa sababu mara ya mwisho hasa hakupenda kuisimulia.

Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mama yake, Septemba, kama mwaka mmoja baada ya ile safari. Alikuwa ameandika barua kila wiki mbili na kujibiwa na Jacomina mistari michache: Mama anakula, Mama amepata mafua, mvua ni nyingi. Siku hiyo akapiga simu ile nyumba ya Goes. Muuguzi akasema subiri, akasikia visigino vikienda koridoni, vikakaa sana, kisha nyayo mbili za kukokotwa zikaja. Mama yake hakuwahi kupenda simu. Alipumua ndani yake kwa nguvu.

“Nani?”

“Mimi, Mama. Ni Tannetje. Hongera kwa siku yako.”

Nyuma ya mama yake vilisikika vyombo vikipangwa.

“Tannetje yuko Kanada,” Pieternella alisema, kwa adabu, kama anayemwelekeza mtu aliyepotea nyumba. Akamrudishia muuguzi simu.

Muuguzi aliomba radhi. Akauliza kama amrudishe mama kwenye simu, mara nyingine wakisikia tena sauti hukumbuka. Tannetje alikuwa amesimama jikoni kwake, aproni kiunoni, Krijn akipiga honi nje ya ghala. Akauliza wanafanya nini hapo sasa. Muuguzi akasema ni keki, wamemkatia keki, wenzake wanamsubiri mezani.

“Basi mwache aende kwenye keki yake,” Tannetje alisema.